Chupa ya Usiku na Ukoga wa Meno



Ndugu wasomaji, na hasa nyinyi akina mama mnaolea mbali na bibi za watoto wenu: mwezi uliopita, katika kikao cha akina mama kilichofanyika nyumbani kwetu hapa West Bay, mazungumzo yaliangukia meno ya watoto, na hayakutoka hapo mpaka adhana ya Isha. Kila mmoja alikuwa na lake. Mwisho tukaombwa, kwa kuwa ualimu ndio uliokuwa kazi yetu, tuandike ukurasa wa jarida kwa ajili ya waliokosa kuhudhuria. Tumekubali, ijapokuwa katika somo hili tulianguka mtihani, na aliyelipa gharama ni mjukuu wetu.

Sisi tulisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1980, kisha tukasomesha biolojia katika shule za sekondari za Tanga hadi tulipostaafu. Kila mwaka tulichora jino ubaoni kwa chaki: taji, shingo na mzizi; enameli nje, dentini chini yake, na katikati uwazi wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Tuliwaeleza wanafunzi kwamba vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi huyeyusha enameli. Wakaandika, wakafaulu, wakaenda zao. Nasi tukabaki tukiamini kwamba tunalijua jambo hilo.

Mwishoni mwa mwaka 2021 tulikuja Doha kumsaidia mwanetu na mkewe kumlea mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa bado hajatimiza miaka miwili. Wazazi wake wote wawili wafanya kazi. Hutoka asubuhi na kurudi magharibi wakiwa hoi. Mtoto alikuwa ameachishwa ziwa karibuni na usiku alikuwa akilia. Tukampa chupa: maziwa ya uvuguvugu, sukari vijiko viwili, na iliki kidogo. Alinyamaza. Usiku wa pili tukafanya vivyo hivyo, na haukupita mwezi ikawa hapati usingizi bila chupa mdomoni.

Mkwe wetu ni mtoto wa watu, mwenye haya. Alitujia jikoni siku moja akasema, "Mama, niwie radhi, hospitali walituambia asilale na chupa." Tukamjibu, "Mwanangu, huyo mumeo alilala na chupa, na meno yake si hayo unayaona?" Hakujibu. Aliinamisha kichwa akaendelea kuosha vyombo. Baadaye sana, tulipokaa na kukumbuka vizuri, tuliona kwamba hata hilo halikuwa kweli. Mwanetu alizaliwa mwaka 1986, na kwa mshahara wa mwalimu wa miaka ile sukari ya nyumbani kwetu ilikuwa ya chai ya asubuhi, tena ya kupimwa. Alilala kwa kubembelezwa. Kumbukumbu ya mzee hufinyanga mambo apendavyo mwenyewe.

Kisha ukaja Novemba 2022 na Kombe la Dunia. Waliokuwa hapa wanakumbuka: barabara ya Corniche ilifungwa magari ikawa ya waenda kwa miguu, na eneo la mashabiki katika bustani ya Al Bidda lilikuwa jirani nasi mno. Kelele, ngoma na fataki zilimwamsha mtoto usiku baada ya usiku, na kila alipoamka tulimpa chupa, mara mbili, mara tatu. Mkwe wetu alikuwa amefanikiwa kuipunguza. Katika wiki nne zile sisi tukaijenga upya.

Dalili ya kwanza tuliiona kwa macho yetu na hatukuitambua. Juu ya meno ya mbele, kando ya ufizi, palikuwa na mstari mweupe usio na mng'aro, kama chaki. Tukadhani ni maziwa yaliyoganda. Tulifuta kwa kitambaa, haukutoka, tukauacha. Laiti tungalijua: mstari ule ni enameli iliyokwisha kuanza kupoteza madini yake, na ndio wakati pekee ambapo uharibifu huweza kurudishwa nyuma bila kuchimba jino. Baada ya miezi kadhaa mstari ukawa wa manjano, kisha wa kahawia. Tukasema ni tende. Mwisho wa mwaka 2023, akiwa na miaka mitatu na miezi minane, aliamka usiku akilia huku ameshika mdomo, na safari hii chupa haikumtuliza.

Daktari wa meno aliyempokea alikuwa mama mtu mzima, mpole. Hakutugombeza. Alimkalisha mtoto mapajani mwa mama yake, akachovya pamba katika dawa nyekundu, akampaka meno yote, kisha akamsuuza na kumpa kioo ajitazame. Mtoto akacheka kwa kuona meno ya rangi. Sisi hatukucheka. Rangi ile hushika utando tu. Jino safi haliishiki. Palipokuwa na utando mpya paligeuka waridi, na palipolala utando wa siku nyingi palikuwa zambarau. Meno ya mjukuu wetu yalikuwa na ukanda wa zambarau kuanzia gego hadi gego, umefuata ufizi kama upindo wa kanga. Na tulikuwa tukimpigisha mswaki kila asubuhi! Au, tuseme kweli, tulikuwa tukimpa mswaki autafune mwenyewe huku tukimsifu.

Meno mawili ya katikati ya juu yaling'olewa. Mawili ya pembeni yalitibiwa yakabaki.

Wako watakaosema kwamba ni meno ya utoto tu, yangeng'oka yenyewe. Nasi tulijifariji hivyo, mpaka tulipompeleka chuoni. Msomaji anayejua tajwidi anajua kwamba thaa, dhali na dhaa hutamkwa kwa ncha ya ulimi kugusa kingo za meno ya mbele ya juu, na faa kwa mdomo wa chini kugusa kingo hizo hizo. Mjukuu wetu hana kingo hizo. Thaa yake ilikuwa pumzi tupu. Mwalimu wake hakumlaumu. Alimwambia asikilize sana, meno yatakuja. Lakini meno ya kudumu ya mahali pale huchomoza mtoto akiwa na miaka saba au nane, na yeye aliyapoteza kabla ya kutimiza minne. Tena meno ya utoto ndiyo yanayoshika nafasi ya yatakayofuata. Gego la utoto likitoka kabla ya wakati, majirani zake husogea, na lijalo huota upande.

Sasa tuueleze ukoga wenyewe, maana neno hili wengi hulitumia kwa uchafu wowote wa meno. Mabaki ya chakula huondoka kwa kusukutua maji. Ukoga hauondoki. Ni utando laini, unaonata, wa vijidudu vilivyo hai pamoja na ute vinaoutengeneza wenyewe ili vishikamane na jino. Ukimaliza kusafisha meno, mate huacha juu yake ngozi nyembamba isiyoonekana, na vijidudu huanza kupanda juu ya ngozi hiyo katika saa chache tu. Baada ya siku moja ukikwaruza kwa ukucha utauona. Ukiachwa, chumvichumvi za mate huufanya ugumu ukawa ugaga, na ugaga hautolewi kwa mswaki bali kwa vyombo vya daktari. Kwa hiyo hakuna siku ambayo mtu ataweza kusema amemaliza kazi ya ukoga. Unazaliwa upya kila siku, kama vumbi la Doha dirishani.

Vijidudu hivyo vikipata sukari hutoa asidi ndani ya dakika chache. Kiwango cha pH kikishuka chini ya 5.5 hivi, enameli huanza kupoteza kalsiamu na fosfeti. Mate hufanya kazi ya kuirudisha hali, lakini huhitaji nusu saa, pengine zaidi. Hapa ndipo tulipojikuta tumesomesha nusu ya somo kwa miaka yote ile. Tuliwaambia wanafunzi sukari nyingi ni mbaya. Hatukuwaambia kwamba linaloumiza zaidi ni idadi ya mara. Kipande cha halwa kilicholiwa pamoja na chakula cha mchana huleta asidi mara moja. Kikombe kile kile cha juisi kikinywewa funda kwa funda tangu asubuhi hadi adhuhuri, meno hayapati nafasi ya kupumua. Tulihesabu siku moja ya mjukuu wetu: biskuti na chai ya karak aliyoonjeshwa na babu yake, juisi ya pakiti, tende mbili, peremende ya dereva, juisi tena, maziwa ya jioni, chupa ya usiku. Mara nane. Na hiyo ya usiku ilikuwa mbaya kuliko zote, kwa sababu mtu akilala mate hupungua sana, na maziwa yenye sukari hubaki yamezunguka meno ya juu. Ya chini husitiriwa na ulimi. Ndiyo maana waliong'olewa meno kwa ajili ya chupa hung'olewa yale ya mbele ya juu kwanza.

(Qatar ilianza Januari 2019 kutoza soda kodi ya asilimia 50, na wengi wetu tuliziacha kwa sababu ya bei. Tukahamia juisi za pakiti tukiamini ni matunda. Kwa ukoga, sukari ni sukari.)

Tusieleweke vibaya kuhusu kunyonyesha. Hatusemi neno dhidi ya ziwa la mama. Watoto wanyonyeshwe miaka yao miwili. Linalotakiwa ni meno yasafishwe kabla ya kulala, tangu lile la kwanza linapochomoza kwenye miezi sita au baadaye kidogo. Na mtoto apelekwe kwa daktari wa meno kabla hajatimiza mwaka, wakati hana linalomuuma, ili akizoee kile kiti. Vituo vya afya vya msingi hapa Qatar vina kliniki za meno. Sisi tulisubiri maumivu, na kwa muda mrefu mjukuu wetu alilia kila alipoiona kanzu nyeupe.

Sasa dawa ya meno, jambo lililoleta mabishano makubwa katika kikao. Jirani yetu mmoja, aliyekulia chini ya Mlima Meru, alisema dawa yenye floridi haiingii nyumbani kwake. Akafungua mdomo tuone. Meno yake yana madoa ya kahawia, mazima lakini yaliyobadilika rangi, kama tulivyoona kwa watu wengi wa Arusha, na kama walivyo baadhi ya ndugu zetu wa Nakuru na Naivasha. "Mwalimu," akasema, "floridi hainidanganyi mimi. Ndiyo iliyonifanya nicheke nimeziba mdomo tangu darasa la tano." Sebule nzima ikanyamaza, maana hakuna aliyeweza kumbishia mtu juu ya mdomo wake mwenyewe.

Yuko sahihi kuhusu maji ya kwao. Miamba ya volkano hutia floridi katika visima na chemchemi, na mtoto anayeyanywa maji hayo wakati meno yake ya kudumu yanajengeka ndani ya ufizi hupata madoa yasiyofutika. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya upande ule hupita kiasi hicho mara kadhaa. Basi tukachukua karatasi, kwa desturi yetu ya zamani, tukamfanyia hesabu. Dawa ya meno yenye floridi sehemu 1,000 kwa milioni ina miligramu moja katika kila gramu. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hupakiwa kiasi cha punje moja ya mchele, ambayo ni kama sehemu ya kumi ya gramu; yaani miligramu 0.1, hata akimeza yote. Tukichukulia kisima chenye miligramu 5, lita moja ya maji yake ni sawa na punje hamsini. Nayo maji ya Doha hutokana na bahari iliyoondolewa chumvi, na njia hiyo huondoa floridi pia, isipokuwa kidogo. Kile kilichomdhuru kwao kwa wingi wake, hapa watoto wake wanakikosa, na ni madini hayo hayo yanayoisaidia enameli kujijenga upya kila baada ya asidi.

Hakusema kitu siku ile. Wiki iliyofuata alitupigia simu kuuliza: punje ya mchele gani, wa basmati au wa Kyela? Tukamwambia wowote, mradi usiwe umepikwa.

Kuanzia miaka mitatu hadi sita ni kiasi cha punje ya njegere, na mtoto afundishwe kutema bila kusukutua maji mengi, ili dawa ibaki kidogo juu ya jino. Ule upindo mrefu wa dawa unaochorwa kwenye matangazo ni wa kuuza dawa.

Wakatuuliza na mswaki wa mti. Jinsi Mtume (s.a.w.) alivyouhimiza mswaki ni jambo linalojulikana na kila aliyepita chuoni, na hatuna haja ya kulirudia. Sisi wenyewe hatuendi Souq Waqif bila kununua vijiti viwili vitatu. Hukwaruza ukoga vizuri mkononi mwa anayejua: ncha itafunwe iwe nyuzi, na nyuzi zikilegea zikatwe zitolewe mpya. Lakini kinywa cha mtoto wa miaka miwili ni kidogo, na kijiti hakifiki vizuri nyuma ya magego wala upande wa ndani. Kwa hiyo kwetu mtoto ana kijiti chake anachoiga nacho babu yake kabla ya sala, na usiku tunatumia brashi ndogo laini. Vyote viwili vina nafasi.

Namna tunavyofanya ni hii. Baada ya Isha, akishakula cha mwisho, hulazwa kichwa mapajani mwetu akitazama dari, nasi tukiwa nyuma ya kichwa chake. Kidole kimoja huinua mdomo wa juu, kwa maana usipouinua huoni kitu, na mkono wa pili husugua kwa miduara midogo pale jino linapokutana na ufizi, ndipo ukoga unapoanzia. Dakika mbili. Mwezi wa kwanza alipigana. Alituuma kidole hadi damu, akatuita majina aliyoyajulia wapi hatujui, na usiku mmoja mkwe wetu ilibidi akae nasi goti kwa goti, mtoto katikati, mmoja ameshika mikono na mwingine mswaki, mpaka wote watatu tukacheka. Tulidhani itakuwa hivyo daima. Wiki ya sita alikuja mwenyewe na kulala. Mwenye kufikiri kwamba mtoto wa miaka mitano ajitegemee, amtazame akifunga kamba za viatu. Mkono usioweza fundo hauwezi gego. Daktari alitwambia tumsaidie hadi miaka saba au minane.

Chupa ilichukua siku tisa kuachwa. Kila usiku tulipunguza sukari, kisha maziwa tukayazidisha maji, mpaka ikawa maji matupu, na maji matupu hayakumvutia. Siku ya nne tulikaribia kushindwa. Mkwe wetu akatupokonya ile chupa mkononi, kwa adabu, akasema, "Mama, kalale, leo zamu yangu." Tulikwenda kulala. Tulimsikia akimwimbia mtoto hadi saa nane ya usiku. Asubuhi tulimwomba radhi kwa lile tulilomjibu jikoni miaka ile. Alisema hakumbuki, na tunajua anakumbuka.

Kuna na Ramadhani. Usiku wa kuamkia nusu ya mwezi watoto wa hapa hutoka kwa Garangao na kurudi na mifuko ya karanga na peremende, na wetu wamo. Hatuwakatazi. Mwaka uliopita tuliumwaga mfuko mezani, karanga zikabaki, peremende zikatiwa kopo la kuliwa mara moja kwa siku pamoja na futari. Tende pia, ambayo hunata: huliwa wakati wa chakula, maji yafuate. Daku ndiyo iliyokuwa ikitusahaulisha, kwa kuwa mtoto huamka kula na wakubwa kisha hurudi kitandani na mdomo mtamu. Sasa mswaki umewekwa juu ya jagi la maji.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kuwa watoto milioni 514 wana meno ya utoto yaliyooza. Tulipoisoma tarakimu hiyo tulikumbuka darasa letu la Tanga, madawati arobaini na tano, na tukajaribu kuligawanya, tukaacha.

Mjukuu wetu sasa anakaribia miaka sita. Pengo lingali pale, na thaa yake bado ni pumzi. Lakini tuliponunua vidonge vya rangi dukani na kumpaka, zambarau haikuonekana popote, isipokuwa waridi kidogo nyuma ya gego la mwisho. Tulipotazama vizuri tukaona sababu: nyuma ya magego ya utoto, chini kushoto, linachomoza gego jipya. Hili ni la kudumu; huja bila jino lolote kung'oka, kwa hiyo wazazi wengi hulidhania la utoto. Liko chini kuliko wenzake na mswaki hupita juu bila kuligusa, na uso wake una mifereji ambamo ukoga hujificha. Tunaugeuza mswaki upande, kuvuka taya, ili ulifikie. Litakapotoka lote daktari atatazama kama mifereji yake yafaa kuzibwa. Miadi ni baada ya wiki mbili. Kila usiku mtoto anauliza, "Bibi, limefika wapi?" nasi tunamulika kwa taa ya simu na kumjibu.